Chupa ya Shahidi

Habari za kifo chake zilinikuta sokoni Tabora, nikionja asali. Mama anayeileta kutoka Sikonge alikuwa amenikabidhi kijiko na kunikazia macho, akingoja nikiri kwamba haijaguswa na sukari, simu ikaita. Alikuwa dada wa marehemu. "Mwandishi, kaka yangu ametutoka asubuhi hii," alisema. "Tunazika nyumbani keshokutwa." Nikampa pole, nikamuuliza kama kuna lolote linalohitajika, tukaagana. Kisha nikarudi kwenye asali yangu na kukiramba kijiko mpaka kikang'aa. Nawaeleza hili mapema, wasomaji wangu, ili mjue leo mnasoma nini. Najua desturi yetu: mtu akishafungwa sanda, hata mwizi wa kuku anakuwa mpenda mifugo. Mimi mwenyewe nimewahi kuwapamba marehemu wengi katika safu hii, na baadhi yao hawakustahili hata nusu ya vivumishi nilivyowapa. Huyu sitampamba. Sikumpenda alipokuwa hai, na kifo chake hakijanibadilishia chochote ila kwamba sasa hawezi kunipigia simu kunikosoa.

Jina lake sitalitaja, ingawa wenyeji wa hapa watamjua kabla hawajafika mwisho wa aya hii. Alizaliwa katika kijiji kimoja karibu na Usoke, nyumba ya wakulima wa tumbaku, akasoma Tabora mjini, akavuka bahari kwenda kusoma kemia, akakaa huko muda mrefu, akarudi kufundisha chuo kikuu. Alipostaafu alikuja kuishi hapa mjini na makasha ya vioo pamoja na mashine moja ya kupimia rangi, ambayo aliifunika kwa kitambaa cha mezani kama watu wanavyofunika televisheni. Ukimwita mzee, hakuitika. Ukimwita Daktari, aligeuza shingo nusu. Shikamoo za vijana alizijibu kwa marahaba iliyotokea puani, macho yakiwa yameshaenda kwingine. Na watu walimpenda kwa hayo hayo! Mji huu una ugonjwa wa tangu enzi za misafara. Babu zetu walibeba mizigo mpaka pwani, na kijana ambaye hajafika pwani hakuhesabiwa kuwa mtu mzima. Mizigo ya pembe imekwisha, reli imekuja, barabara imekuja, lakini kipimo chetu ni kilekile: aliyekwenda mbali ndiye mtu, na sisi tuliobaki ni wa kummwagia maji ya kunawa aliyerudi.

Kazi yake nitaieleza kama alivyonieleza, maana nilikwenda kwake mara kadhaa kwa ajili ya makala. Kuna gesi, alisema, zinazozaliwa na naitrojeni na oksijeni. Nyingine zinakaa, nyingine hazikai. Mojawapo ikikutana na mwenzake tu, zote mbili zinaangamia na kuwa kitu kingine kabla hujapepesa kope. Zimo hata ndani ya miili yetu, zinafanya kazi zake na kutoweka, na mtu akitaka kuzipima anakuta hazipo tena. Basi huzikimbizi, unazitegea. Mtego wake ulikuwa protini yenye chuma ndani yake, jamii ya ile inayofanya damu ibebe hewa na nyama iwe nyekundu. Gesi ikikigusa kile chuma, rangi inabadilika, na rangi hiyo inabaki hata kama gesi yenyewe imeshakufa. Nakiri nilivutiwa. Ni jambo la werevu mkubwa kumjua mpita njia kwa doa aliloliacha mlangoni, na marehemu alilijua jambo hilo kuliko mtu yeyote niliyewahi kukaa naye meza moja.

Protini yenyewe aliitoa kwenye moyo wa ng'ombe, na hapo ndipo wauza nyama wa mtaa wake walipopata taabu. Aliutaka moyo wa ng'ombe aliyechinjwa asubuhi ileile. Siku moja nilimkuta bucha, ameuminya moyo kwa kidole gumba mbele ya wateja wote.

"Mwangaluka, Daktari," muuza nyama alimsalimu.

"Huu umelala," alijibu yeye, bila salamu.

"Ni wa leo, Daktari."

"Nimesema umelala. Unanidanganya mbele za watu."

"Daktari, huyu ng'ombe nimemwona kwa macho yangu alfajiri akitembea. Kama moyo wake ulikuwa umelala, basi alikuwa anatembea usingizini."

Bucha zima lilicheka, mimi nikiwemo. Yeye hakucheka. Aliurusha moyo kwenye mizani na kuondoka, akawa anatuma watu wamnunulie kwingine, mpaka alipogundua kwamba hakuna bucha nyingine inayochinja mapema kama ile. Akarudi, bila samahani, na muuza nyama akampokea, maana mteja ni mteja. Kisa hiki husimuliwa sana mjini kama ushahidi kwamba marehemu alikuwa makini na kazi yake. Na kweli alikuwa makini. Mimi nilichokiona ni mtu anayeweza kuukagua moyo kwa kidole bila kumtazama aliyeushika.

Sasa nije kwenye siku ninayotaka mwikumbuke. Nilikuwa kwake, chumba cha uani alichokifanya maabara, naye ananionyesha mtego unavyofanya kazi. Alipanga chupa ndogo za kioo dirishani, zote zina maji mekundu, ungedhani ni juisi ya rozela. Katika kila chupa alitia unga unaotoa ile gesi, isipokuwa moja ya mwisho. Nikauliza ile mbona haitiwi kitu. Akanitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Hiyo ndiyo chupa ya shahidi," alisema. "Haitiwi kitu. Ikibaki nyekundu, najua hizi nyingine zimegeuzwa na gesi yangu. Ikigeuka na yenyewe, najua kuna mwongo ndani ya nyumba. Mwandishi, jaribio lisilo na shahidi ni umbea." Niliupenda sana ule usemi wake, na nimeutumia kuwakoromea waandishi chipukizi zaidi ya mara moja, bila kusema nimeupata kwa nani.

Tukaenda kunywa chai. Tuliporudi, chupa zote zilikuwa za kahawia, na ya shahidi ilikuwa inakwenda hukohuko. Aliinyanyua kuelekea dirishani, akaitikisa, akainusa, akatukana kwa Kinyamwezi. Wiki ile mtambo wake mdogo wa kukenekea maji, kuyasafisha kwa kunasa mvuke wake, ulikuwa umepasuka na bomba la mtaani lilikuwa halitoki, kwa hiyo alikuwa ametumia maji ya dumu alilotumiwa na dada yake kutoka kijijini, maji ya kisima cha nyumbani kwao. Alirudia jaribio mbele yangu, safari hii hakutia unga kabisa. Tukasubiri. Kahawia tena. "Maji ya wakulima haya!" alifoka. "Mbolea tupu! Tumbaku wameishusha mpaka mdomoni mwa kisima!" Akalibeba dumu zima, akalimwaga kwenye mpapai uani, akamwita bodaboda na kumtuma duka la vipuri akalete maji ya betri, yale yaliyokenekwa, yanayotiwa kwenye betri za magari. Maji yakaja, chupa zikapangwa upya, shahidi akabaki mwekundu kama inavyotakiwa. Uso wa mzee ukakunjuka. Tatizo lilikuwa limekwisha, na tangu siku ile hakutumia maji mengine.

Miezi ikapita. Kule kijijini, binti wa yule dada yake akajifungua mtoto wa kiume. Akaota jipu kwenye titi, homa ikampanda, maziwa yakakata, na mtoto akaanzishiwa maziwa ya kopo. Aliyemlisha ni bibi yake. Mchana mmoja bibi huyo akanipigia simu, sauti inakwaruza. Alikuwa amempigia kaka yake mpaka amechoka, lakini kaka hapokei simu akiwa kwenye mitego yake, na mimi ndiye mtu mwingine wa mjini mwenye gari ambaye namba yake alikuwa nayo. Nilipofika nilimkuta mtoto mikononi mwa bibi, midomo na kucha zimekuwa kama za mtoto aliyekula zambarau. Jirani mmoja alishasema ni jicho baya, mwingine ni moyo. Tukamlaza kwenye kiti cha nyuma na kuja naye hospitali mjini. Njia nzima bibi alikuwa akimpuliza usoni, na kila alipolia tulishukuru, kwa sababu kunyamaza kwake ndiko kulikotutisha.

Daktari wa zamu alikuwa binti mdogo, mpole. Alimsalimu bibi shikamoo kabla ya kumgusa mtoto, akachota damu, na damu ile nikaiona mwenyewe kwenye bomba la sindano: ya kahawia, rangi ya chokoleti. Akaidondosha tone kwenye kitambaa cheupe, akasubiri, akaitikisia kichwa. "Damu iliyokosa hewa tu, ukiiacha wazi inarudi nyekundu," alisema. "Hii hairudi. Mama, mtoto anakunywa nini?"

"Maziwa ya kopo, mwanangu."

"Mnayakoroga kwa maji gani?"

"Ya kisima chetu. Lakini nachemsha! Kliniki walitufundisha kuchemsha. Nachemsha sana, mwanangu. Nachemsha mpaka yanabaki nusu ya sufuria."

Yule binti alimshika bibi mkono kwanza. Kisha akamweleza kwamba kuchemsha kunaua vijidudu, lakini kilichomo kwenye maji yale si kijidudu, ni chumvi ya mbolea, na chumvi haifi kwa moto. Mchuzi ukiuacha jikoni ukapungua, unazidi kuwa na chumvi, si kupungua chumvi. Mtu mzima anaweza kuyanywa akaendelea na shughuli zake. Mtoto mchanga yanamgeuza damu, inakuwa haibebi hewa tena. Bibi aliketi sakafuni palepale. Mtoto alitundikiwa dawa, ya buluu kweli kweli, na kabla jua halijazama midomo yake ilikuwa imeanza kurudi kuwa midomo ya mtu. Nilitoka nje kushukuru Mungu, na nikiwa nimesimama pale kwenye vumbi ndipo ile rangi ya kahawia iliponirudia kichwani: chupa za dirishani, dumu lililomwagwa kwenye mpapai.

Kaka mtu alikuja kesho yake, shati limepigwa pasi. Swali lake la kwanza kwa daktari lilikuwa kama ile sampuli ya damu imebaki. Alisema ingemfaa sana. Akaambiwa imetumika yote. Tukaketi kwenye benchi nje ya wodi, migongo yetu ikiegemea ukuta ambao nyuma yake ndipo palipokuwa kitanda cha mtoto, nami nikamuuliza.

"Daktari, yale maji uliyoyamwaga kwenye mpapai si ya kisima hikihiki?"

"Ndiyo hayo."

"Ulijua yana nini?"

"Naitreti. Na naitriti, ndiyo iliyoharibu chupa. Nani asiyejua? Shamba la tumbaku liko juu yake, na zizi liko pembeni."

"Dada yako alijua?"

"Hakuniuliza."

Nilidhani sijasikia vizuri. Akaona uso wangu, akaona anidokezee elimu kidogo. "Mwandishi, mimi si mtu wa visima. Kitu kinachokaa ndani ya maji mwaka mzima, kikakungoja, hicho yeyote anaweza kukipima. Mimi natafuta kisichongoja."

"Si wewe uliyeniambia jaribio lisilo na shahidi ni umbea? Shahidi alisema. Ukammwaga."

"Unachanganya mambo," alisema, akatazama saa yake. Akasimama, akapita mbele ya mlango wa wodi uliokuwa wazi, akaenda zake. Hakuingia.

Niliandika habari ya kisima kile katika safu hii, na wengine mnaikumbuka. Alinipigia simu asubuhi ileile gazeti lilipotoka. Nikadhani ameguswa. Alitaka nisahihishe mahali nilipoandika kwamba mitego yake inatokana na nyama ya ng'ombe, wakati inatokana na moyo. Kisima hakukitaja. Aliyekitaja ni dada yake, ambaye alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaambia wenye watoto wachanga alichoambiwa hospitali, mpaka kijiji kikachimba kingine mbali na mashamba. Kumbe ilihitaji mdomo tu. Mtu mwenye mashine ya kupimia rangi alikuwa nao mdomo huo tangu siku ya mpapai, na simu mfukoni.

Kuna wasomaji watakaoniambia mwanasayansi hawezi kuacha kazi yake akimbilie kila kisima. Sikubaliani nao, na sitaki kuwa mpole katika hili. Hakuna aliyemtaka aache kazi. Alitakiwa aseme sentensi moja kwa dada yake, tena dada aliyemtumia maji yale kwa mapenzi, akijua kaka yake anayakumbuka ya utotoni. Na msinijibu kwamba alikuwa mtu wa kusahau. Alikuwa mwaminifu kupita kiasi ndani ya chupa zake. Nilimwona akitupa matokeo mazuri ya muda mrefu kwa sababu chupa moja haikukubaliana na wenzake, na hakuna mtu aliyekuwa akimchungulia. Uaminifu wote ule aliumalizia dirishani, hakubakiza hata wa kuvuka nao mlango. Wala si yeye peke yake. Nimewajua wahariri waliofuta aya moja kwa sababu ilikuwa inaharibu habari nzuri, na ile aya ndiyo ilikuwa habari. Nimewajua wakaguzi wa mazao wanaomfukuza mkulima anayekohoa kwa vile anawachelewesha kuhesabu marobota. Kila mtu ana jambo analolisaka, na kila linalomkwamisha analiita uchafu. Mkoa huu umeishi kwa tumbaku, na mbolea imetushibisha wengi, mimi nikiwemo niliyesomeshwa nayo. Sasa misitu imerudi nyuma, mashamba yameshuka mabondeni kwenye visima, nasi tunaojua kusoma vipimo tunaagiza maji ya betri.

Nilikwenda kumzika. Turubai lilikuwa limejaa, kwaya ya Moravian iliimba vizuri, na mgeni kutoka chuo alisoma wasifu wa marehemu kwa sauti ya kutetemeka. Alisema ndugu yetu aliweza kunasa kitu kinachoishi muda mfupi kuliko kupepesa kope, na watu wakaguna kwa fahari. Dada yake alikuwa ameketi karibu nami, mjukuu amemwegemea mapajani, anachezea pindo la kitenge chake. Yule mtoto sasa anasoma darasa la kwanza, ana mapengo, na siku ile alikuwa amechoshwa na hotuba.

"Na huyu je?" bibi alisema, wala hakunong'ona. "Huyu ameishi mpaka shule, hakumwona hata siku moja."

Vichwa vya mbele viligeuka, vikamtazama bibi, vikamtazama mtoto, vikarudi mbele. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Makaburini mafundi walipoishiwa maji ya kukorogea zege, vijana wakaleta madumu kutoka kisima cha zamani, na binti mmoja akashtuka, akauliza kama ni sawa kuyatumia. "Kwa zege hayana neno," bibi akamjibu. Ndivyo alivyofunikwa.

Nimejaribu, tangu siku ile, kumtafutia nafasi moyoni, nimeshindwa, na sioni aibu. Lakini nimechukua kwake kitu kimoja, kwa kuwa mwenyewe hakukitumia: ile chupa ya mwisho dirishani. Wewe unayesoma hapa, mwalimu, nesi, fundi, karani, katika kazi yako ipo siku kitu ambacho hukukitia chochote kitageuka rangi, kikuharibie mpango. Utachukia, kama alivyochukia yeye. Chukia, lakini usimtume mtu dukani kwanza. Kwanza uliza maji yale yanatoka wapi, na nani anayanywa.